Kompyuta za matawi zijitafutie seva ya VPN: rekodi za SRV katika ushirika wa Kigoma

Ushirika wa akiba na mikopo wenye ofisi kuu Kigoma mjini na matawi Kasulu, Kibondo, Kakonko na Uvinza una kompyuta mpakato zipatazo 30, na kila tawi lina ruta yake ndogo. Mfumo wa mikopo uko kwenye seva ya ofisi kuu. Matawi, pamoja na maofisa mikopo wanaopanda boti kwenda vijiji vya ziwani na kuunganisha kompyuta kwa bando la simu, huufikia kwa VPN (njia ya siri inayopita juu ya intaneti) ya programu ya WireGuard. Kwenye kila kompyuta, habari za mahali seva ilipo ni mstari mmoja tu:

Endpoint = 203.0.113.10:51820

Mtoa huduma akibadilisha anwani ya ofisi kuu, matawi yote yanazimika kwa pamoja. Simu inayopigwa ofisini ni ileile kila mara: "Kaka, intaneti ipo, WhatsApp inafunguka, ila mfumo hauji." Kompyuta yenyewe haina njia ya kujua kwamba seva imehama. Inaendelea kutuma pakiti kwenye anwani ya zamani, na kwa kuwa WireGuard hutumia UDP (njia ya kutuma pakiti bila kusubiri uthibitisho) na seva yake haimjibu asiyejulikana, hakuna ujumbe wowote wa kosa. Dawa ya haraka ni kubadili mstari huo kwenye kila kompyuta, maana yake safari hadi Kakonko, au kumwelekeza karani kwa simu ahariri faili asiloruhusiwa kulifungua.

Kuweka jina badala ya namba kunaponya nusu ya ugonjwa. WireGuard huuliza DNS (mfumo wa seva za majina zinazogeuza jina kuwa anwani) mara moja tu, njia ya VPN inapowashwa, kisha hushikilia anwani iliyopewa hadi izimwe. Tena jina la kawaida, lenye rekodi ya A, hubeba anwani peke yake. Halisemi poti (namba inayofuata anwani, kama 51820 hapo juu), na ukiliwekea anwani tatu halisemi ianze ipi na ipi iwe akiba. Pengo hilo ndilo linalozibwa na rekodi ya SRV, iliyowekewa utaratibu wake wa sasa katika waraka wa kanuni za intaneti RFC 2782 wa mwaka 2000.

Seva tatu, na kwa nini mbili ziko Dar es Salaam

Kabla ya kugusa DNS kuna swali la kujibu: seva ya akiba itasaidia nini, ikiwa mfumo wenyewe uko Kigoma na faiba ya Kigoma ndiyo iliyokatika? Wengi hulisahau. Wanakodi seva Dar es Salaam, wanaiandika kwenye DNS, na faiba inapokatika matawi yanafika Dar salama na kukuta hakuna njia ya kuendelea.

Ofisi ya Kigoma ina intaneti mbili: faiba yenye anwani yake ya umma, na modemu ya laini ya simu. Anwani ya laini ya simu kwa kawaida hugawanywa kwa wateja wengi, kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayeweza kuifikia ofisi kupitia modemu. Ofisi yenyewe, hata hivyo, inaweza kutoka nje. Basi seva ya Kigoma inashikilia wakati wote njia mbili za VPN kwenda seva za Dar, dar1 na dar2, zenye PersistentKeepalive (pakiti ndogo ya kuiweka njia hai) ya kila sekunde 25. Faiba ikikatika, njia hizo zinahamia kwenye modemu zenyewe, matawi yanakwenda Dar, na Dar inayapitisha hadi Kigoma. Ni mwendo mrefu kwa mtu wa Ujiji aliye kilomita chache kutoka ofisini, lakini mfumo unafunguka.

Rekodi zenyewe ni hizi:

_wireguard._udp.ushirika.example. 300 IN SRV 10 0 51820 kigoma.vpn.ushirika.example.
_wireguard._udp.ushirika.example. 300 IN SRV 20 60 51820 dar1.vpn.ushirika.example.
_wireguard._udp.ushirika.example. 300 IN SRV 20 40 443 dar2.vpn.ushirika.example.

Namba 300 ni sekunde ambazo jibu linaruhusiwa kuhifadhiwa na seva za majina za njiani. Baada ya neno SRV kuna kipaumbele, uzito, poti, na jina la seva. Kipaumbele chenye namba ndogo hujaribiwa kwanza, kwa hiyo Kigoma iko mbele na Dar ni akiba. Uzito hugawa mzigo kati ya rekodi zenye kipaumbele kimoja: hapa dar1 inapata 60 kwa kila 100, dar2 inapata 40. Kompyuta 30 zikihamia Dar, tarajia kama 18 kwa 12, ingawa mgawanyo huo ni wa bahati na kwa idadi ndogo hivyo unaweza kuegemea upande mmoja. Kigoma iko peke yake kwenye kipaumbele chake, ndiyo maana uzito wake ni 0.

Poti 443 ya dar2 imewekwa kwa makusudi. Mitandao ya hoteli na ya baadhi ya ofisi hufunga UDP kwenye poti wasizozijua, lakini 443 mara nyingi huachwa wazi kwa kuwa tovuti nyingi za siku hizi hupita humo kwa UDP. Rekodi ya A isingeweza kuiambia kompyuta kwamba seva hii ina poti tofauti na zile nyingine.

Anwani ya Kigoma ikibadilika, SRV haiguswi. Inabadilishwa rekodi ya A ya kigoma.vpn peke yake, na kazi hiyo inaweza kufanywa na ruta ya ofisi yenyewe. Seva za majina za kikoa zisikae Kigoma tu nyuma ya faiba hiyohiyo, kwa sababu ikikatika, rekodi za kuelekeza watu Dar nazo zitapotea.

Rekodi haijui kama seva iko hai

WireGuard haisomi SRV. OpenVPN, programu nyingine ya VPN, nayo kwa kawaida hufuata mistari ya remote iliyoandikwa kwenye faili lake. Kwa hiyo kunahitajika skripti ndogo kwenye kila kompyuta, inayoamka kila dakika: kwa systemd kwenye Linux, kwa Task Scheduler kwenye Windows, kwa cron kwenye ruta zenye mfumo wa OpenWrt. Skripti inauliza hivi:

dig +short +time=3 +tries=2 SRV _wireguard._udp.ushirika.example @9.9.9.9

Hapo 9.9.9.9 ni seva ya majina ya umma, iliyo nje ya VPN. Kwenye Windows amri ni Resolve-DnsName yenye -Type SRV na -Server 9.9.9.9. OpenWrt haiji na dig. Kifurushi chake ni bind-dig.

Funguo ndizo zinazotaka umakini. SRV inasema seva iko wapi, haisemi ni nani. WireGuard humtambua mwenzake kwa ufunguo wa umma, na funguo za seva zote tatu lazima ziwe zimeshaandikwa kwenye kompyuta, kila moja na jina la seva yake. Kuna wanaonakili ufunguo mmoja wa siri kwenye seva zote ili skripti ibadilishe anwani tu. Hatuupendekezi ufupi huo. Seva moja ya kukodi ikiibiwa ufunguo, zote tatu zimeibiwa, na kila kompyuta itapaswa kuguswa upya, jambo lilelile tulilotaka kuliepuka. Vilevile, kuweka funguo za umma kwenye DNS ili kompyuta izichukue humo ni kumpa anayeweza kughushi majibu ya DNS nafasi ya kujifanya seva, isipokuwa kikoa kina DNSSEC (sahihi za kuthibitisha majibu ya DNS) na kompyuta inaikagua kweli. Funguo zikiwa zimeandikwa mapema, jibu la uongo la SRV linaweza kukunyima huduma, lakini haliwezi kumfungulia mtu data za wanachama.

Kwa kuwa kila seva ina ufunguo wake, faili la kompyuta lina sehemu tatu za [Peer], moja kwa kila seva. WireGuard hairuhusu safu moja ya AllowedIPs (anwani zinazopitishwa kwa mwenzake fulani) iwe ya wenzake wawili kwa wakati mmoja. Anayepewa mwisho ndiye anayeichukua. Tabia hiyo inatufaa. Kuhamia dar1 ni amri moja:

wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_DAR1 endpoint 198.51.100.20:51820 persistent-keepalive 25 allowed-ips 10.20.0.0/16

Safu ya 10.20.0.0/16 ya ofisi inahama kutoka kwa Kigoma kwenda dar1 papo hapo. Njia za mfumo wa kompyuta hazibadiliki kwa kuwa kiunganishi ni kilekile wg0. Angalia kwamba amri imepewa namba, halijaandikwa jina: skripti itafute kwanza rekodi ya A kwa seva ya majina ileile ya nje. Ukiandika jina, wg itauliza seva ya majina ya kompyuta, ambayo huenda iko ndani ya VPN iliyokufa.

Kujua kwamba seva imekufa hufanywa kwa wg show wg0 latest-handshakes. Keepalive ikiwa imewashwa, upande ulioanzisha mazungumzo hufanya mapatano mapya ya funguo kila sekunde 120 hivi, na funguo zilizopita sekunde 180 hukataliwa. Mapatano ya mwisho yakiwa na umri unaozidi 180, seva haipatikani. Jumlisha dakika moja ya kusubiri skripti iamke: kuhama kunachukua hadi dakika nne hivi. Makarani waambiwe muda huo waziwazi, kwa sababu asiyejua ataanza kuwasha na kuzima kompyuta dakika ya pili, na kila akiwasha hesabu inaanza upya.

Kurudi Kigoma ni kugumu kuliko kuondoka. Faiba ikikatika na kurudi mara kwa mara, skripti inayokimbilia Kigoma kila inaposikia dalili ya uhai itamtupa karani huku na huko katikati ya kazi. Hapa mpango wa funguo tatu unalipa. Kompyuta ikiwa Dar, sehemu ya Kigoma inaachwa na keepalive ya 25 lakini bila AllowedIPs. Mapatano yataendelea kujaribiwa bila data ya mfumo kupita huko. Skripti inaangalia umri wa mapatano ya Kigoma, na yakiwa hai mfululizo kwa dakika 15, inaongeza muda wa bahati kati ya sekunde 0 na 300, kisha inahamisha safu na kuizimia keepalive seva ya Dar. Muda wa bahati unazuia kompyuta zote kurudi kwa mpigo.

Mtu wa bando atauliza gharama. Pakiti ya keepalive ni baiti 60 pamoja na vichwa vya IP na UDP, na kila sekunde 25 hufanya 3,456 kwa siku, sawa na baiti 207,360. Mapatano ya kila dakika mbili, pakiti ya baiti 176 kwenda na ya 120 kurudi, ni 213,120. Jumla haifiki nusu megabaiti kwa siku.

Seva za Dar zinapitisha kompyuta kwenda Kigoma kwa kuficha anwani zao nyuma ya anwani ya seva, kwa masquerade ya nftables. Bila hivyo Kigoma ingepaswa kujua kila dakika kompyuta ipi iko kwenye seva ipi. Hasara yake ni kwamba kumbukumbu za mfumo zitaonyesha watumiaji wote wa dar1 wakitoka anwani moja. Kama mfumo unaandika jina la aliyeingia, mkaguzi hatakwama. Kama hauandiki, hilo lirekebishwe kwanza.

Wanaotumia OpenVPN wana kazi nyepesi zaidi: skripti inaandika mistari ya remote kwa mpangilio wa SRV kabla ya programu kuwashwa, na OpenVPN yenyewe inaipitia mmoja mmoja. Punguza connect-timeout kutoka 120 ya kawaida hadi 15, na usisahau remote-cert-tls server, la sivyo mwenye cheti cha mtumiaji kutoka kwa mtoaji yuleyule anaweza kujifanya seva.

Palipoharibika

Kosa linalogonga kwanza ni DNS iliyo ndani ya VPN. Faili la kompyuta lina DNS = 10.20.0.53, seva ya majina ya ofisi. Njia ikifa, seva hiyo haifikiki, skripti haiwezi kuuliza SRV, na bila SRV njia haiwezi kufufuka. Ndiyo maana amri ya juu inamuuliza 9.9.9.9 moja kwa moja. Kwenye Windows kuna mtego wa ziada: AllowedIPs ikiwa 0.0.0.0/0, programu ya WireGuard hufunga kila kitu kisichopita VPN, pamoja na maswali hayo ya DNS. Weka safu za ofisi tu. Na skripti ihifadhi jibu la mwisho kwenye faili, ili ikikosa jibu jipya itumie la jana.

Ruta za bei nafuu ni tatizo la pili. Baadhi hupitisha rekodi za A na AAAA (anwani za IPv6) vizuri, ila kwa SRV hurudisha jibu tupu au kosa. Pima kwa kuuliza swali lilelile mara mbili, mara moja @192.168.1.1 (ruta yenyewe) na mara moja @9.9.9.9. Majibu yakitofautiana, mkosaji ni ruta. Ukitumia kivinjari kupima hutaliona kamwe, kwa sababu vivinjari haviulizi SRV.

Kwenye faili la kikoa, nukta ya mwisho ikisahaulika jina linakuwa kigoma.vpn.ushirika.example.ushirika.example. Seva inayotajwa na SRV iwe na rekodi ya A au AAAA yenyewe. RFC 2782 inakataza kuelekeza kwenye lakabu ya CNAME, na ingawa skripti yako inaweza kuvumilia, nyingine haitavumilia. Ukijaribu kuuliza rekodi kabla hujaiandika, jibu la "haipo" nalo huhifadhiwa, kwa muda uliowekwa kwenye rekodi ya SOA ya kikoa. Mtu anaandika rekodi sahihi, anapima, anaambiwa haipo, anaibadilisha, na kuiharibu. Andika kwanza, pima baadaye. Na kama muda wa zamani wa kuhifadhi ulikuwa 86400, ushushe hadi 300 siku moja kamili kabla ya kuhamisha chochote.

Kosa lililofichika kuliko yote ni saa. Ruta ndogo ya tawi haina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, OpenWrt huanza na tarehe ya faili jipya kuliko yote kwenye /etc, ambayo inaweza kuwa ya wiki iliyopita. WireGuard huweka muda ndani ya kila ombi la mapatano, na seva hukataa ombi lenye muda usiozidi wa mwisho iliowahi kuupokea kutoka kwa mwenye ufunguo huo, ili kuzuia pakiti zilizonaswa zisirudiwe. Inalikataa kimya. Seva ya Kigoma, iliyozungumza na ruta hiyo asubuhi, inaikatalia. Dar1, iliyozungumza nayo mara ya mwisho mwezi uliopita, inaipokea bila shida. Kwa anayetazama kutoka ofisini inaonekana seva ya Kigoma ni mbovu kwa tawi moja tu la Kibondo, baada ya kukatika umeme, na baada ya dakika kadhaa inapona yenyewe. Inapona kwa sababu njia ya Dar imeipatia ruta DNS ya ofisi, DNS imeipatia NTP (seva za kusawazisha saa), na NTP imeirekebisha saa.

Zamani, kabla ya kuwepo Dar, mzunguko huo haukuwa na mlango wa kutokea: saa ikiwa mbovu, hakuna VPN; bila VPN, hakuna DNS; bila DNS, saa hairekebishwi. Ruta itumie DNS ya nje kwa NTP, na iwe na angalau seva moja ya NTP iliyoandikwa kwa namba. Tawi likiwa limekwama sasa hivi na hakuna wa kulifikia, kwenye seva ondoa mwenye ufunguo huo kwa wg set wg0 peer UFUNGUO remove kisha mrudishe. Kumbukumbu ya muda inafutika na ruta inapokelewa.

Kosa la mwisho ni la watu. Kompyuta mpya inapotolewa, ufunguo wake unaandikwa kwenye seva ya Kigoma, inafanya kazi, na kila mtu anasahau. Miezi baadaye faiba inakatika na ofisa yule aliye kijijini ziwani haingii Dar kwa kuwa dar2 haimjui. Orodha ya funguo iwe moja, na isukumwe kwa seva zote tatu kwa amri moja. Kisha kila kompyuta ipimwe kwa dar1 na dar2 kabla haijaondoka ofisini.

Kuipumzisha dar2 kwa matengenezo, futa rekodi yake ya SRV lakini usiizime. Skripti huuliza orodha upya kila dakika 10 hata kama njia iko hai, na ikiona seva inayotumia haimo tena, inahama na kuizimia keepalive. Subiri sekunde 300 za kuhifadhiwa, kisha dakika 10 za skripti, kisha tazama wg show kwenye dar2. Itakayobaki na mapatano mapya ni njia ya ofisi ya Kigoma peke yake, kwa kuwa hiyo haifuati SRV; kompyuta au ruta ya tawi ikionekana bado inafanya mapatano, inatumia orodha ya zamani kwenye faili, na huenda ruta au mtandao iliko umemzuia 9.9.9.9. Ihamishe hiyo kwa mkono, ukiwa bado unaweza kuifikia kupitia dar2 yenyewe, ndipo uizime seva.